Utasa Migori na Homa Bay: Hesabu ya Mafanikio Ianzie Wapi?

Utasa ni kushindwa kupata mimba baada ya miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoueleza, na kwa maelezo hayo ni ugonjwa wa mfumo wa uzazi, uwe wa mwanamke, wa mwanamume, au wa wote wawili. Aprili 2023 shirika hilo lilitoa tathmini ya tafiti za miaka 30 iliyoonyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia hali hiyo wakati fulani maishani. Pengo kati ya nchi tajiri na nchi maskini ni dogo: asilimia 17.8 kwa 16.5. Pengo kubwa liko kwenye chanzo cha utasa, na kubwa zaidi liko kwa nani anapata tiba.

Migori na Homa Bay hazitajwi sana utasa unapozungumzwa. Zinatajwa kwa VVU, na zilikuwamo katika orodha ya kaunti 15 za Kenya ambazo Umoja wa Mataifa ulizitambua mwaka 2014 kuwa na mzigo mkubwa wa vifo vya kina mama. Kwa hiyo fedha na wataalamu wa afya ya uzazi wameelekezwa kwenye kupanga uzazi, kujifungua salama na kuzuia maambukizi ya mama kwa mtoto. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini imeacha nyuma mwanamke anayefika kliniki hiyohiyo akitafuta mtoto, ambaye mara nyingi huambiwa aombe Mungu na arudi baada ya mwaka.

Utasa una sura mbili. Wapo ambao hawajawahi kupata mimba, na wapo waliozaa mtoto mmoja au wawili kisha uzazi ukakoma bila wao kutaka. Kusini mwa Jangwa la Sahara sura hii ya pili ndiyo iliyoenea zaidi, nayo inaonyesha kwamba kizazi kilichokuwa kizima kiliharibiwa baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani liliwachunguza maelfu ya wanandoa wenye utasa katika mabara mbalimbali, na matokeo yakatolewa katika jarida la Lancet mwaka 1985. Barani Afrika, kuliko kwingine kote, wanawake wengi walikutwa na madhara ya maambukizi, hasa mirija ya uzazi iliyoziba pande zote mbili.

Klamidia au kisonono huanzia kwenye mlango wa kizazi. Yasipotibiwa, maambukizi hupanda hadi kwenye mji wa mimba na kuingia mirijani. Utando laini unaolisukuma yai huvimba na kupona kwa makovu. Mrija huziba, hujaa maji, au hushikamana na utumbo. Yai linaweza kuwa zima na mbegu za mwanamume zikawa nzima, ila zikakosa pa kukutana. Njia hiyohiyo hupitiwa na maambukizi ya baada ya kujifungua mahali pasipo safi, na ya mimba zilizotolewa kwa siri.

Ubaya wa klamidia ni kimya chake. Wanawake wengi walio nayo hawasikii maumivu wala hawaoni uchafu usio wa kawaida. Zahanati za Kenya, kama za nchi nyingi zisizo na maabara za kutosha, hutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na mtu asiye na dalili hapewi dawa. Ukubwa wa tatizo umeonekana ng'ambo tu ya Ghuba ya Winam, mjini Kisumu, katika utafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na washirika wake wa Marekani uliochapishwa Desemba 2023 katika New England Journal of Medicine. Wanawake 449 wa miaka 18 hadi 30, waliokuwa tayari wakimeza dawa za PrEP za kujikinga na VVU, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vidonge vya doksisaiklini vya kumeza baada ya kujamiiana, jingine likapata huduma ya kawaida. Maambukizi mapya yalikuwa 50 katika kundi la kwanza na 59 katika la pili, tofauti isiyotosha kuthibitisha kinga yoyote. Kati ya yote 109, 85 yalikuwa ya klamidia. Nywele za waliopewa dawa zilipopimwa, sampuli zaidi ya theluthi mbili hazikuwa na alama ya dawa. Walio wengi hawakuimeza. Kwa suala la utasa, somo zito zaidi limo katika hizo kesi 85: ziligunduliwa kwa sababu wanawake wale walipimwa kila baada ya miezi mitatu. Nje ya utafiti nyingi kati yao zingeendelea kuharibu mirija bila mtu kujua.

Mazingira ya kaunti hizi mbili huongeza hatari hiyo. Katika fuo za Mbita, Sindo, Karungu na Muhuru umejulikana kwa miaka mingi mtindo wa jaboya, ambapo mvuvi humwuzia mchuuzi samaki kwa masharti ya ngono. Migodi midogo ya dhahabu ya Nyatike, kama Macalder na Osiri, huvuta vijana wanaohamahama na fedha za siku moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta VVU kwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay na asilimia 13.0 Migori, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. VVU na utasa huandamana. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa katika Lancet mwaka 1998, kabla ya dawa za kupunguza makali kuenea, ulionyesha kwamba wanawake wenye VVU walipata mimba kwa kiwango cha chini kuliko wenzao, hata waliokuwa bado hawajaugua. Kulaumu mwanamke kwa hali hii ni dhuluma. Anayekubali masharti ya ufuoni ili apate samaki wa kuuza hakuyatunga yeye.

Historia ya Ziwa Viktoria ina mfano mwingine. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 Wahaya wa Bukoba, upande wa Tanzania, walikuwa na watoto wachache kiasi cha kuwatia hofu watawala na wamisionari, na magonjwa ya zinaa yalikuwa sababu kubwa. Antibiotiki zilipopatikana baada ya Vita Kuu ya Pili, uzazi uliongezeka. Vijiji vizima vilipata watoto kwa sindano za penisilini, bila maabara ya kutungisha mimba.

Kwa wanaume, suala huzungumzwa kwa shida. Katika karibu nusu ya ndoa zenye utasa mwanamume ana sehemu yake, ama peke yake au pamoja na mkewe. Mbegu zaweza kuwa chache, dhaifu au zisiwepo kabisa, kutokana na maambukizi, mishipa iliyovimba kwenye korodani, homoni, sigara au pombe. Kipimo cha manii ni cha bei nafuu kuliko vipimo vyote vya uzazi. Kinahitaji hadubini, saa na mtaalamu aliyefunzwa kuhesabu, vitu ambavyo hospitali za rufaa za Migori na Homa Bay zaweza kuwa navyo. Hata hivyo mwanamke hupitia picha, sindano na hata upasuaji kabla mumewe hajaombwa kutoa sampuli. Utaratibu huo ni upotevu wa fedha na ni ukatili. Katika ukanda wa dhahabu wa Migori kuna jambo jingine la kufuatiliwa kwa makini: zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha uchafuzi wa zebaki katika ukanda huo. Madhara yake kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni yamethibitishwa vyema, ilhali ushahidi kuhusu uzazi wa mwanamume bado ni dhaifu.

Kabla ya hospitali, jamii zilikuwa na njia zao za kumpatia mtoto asiyeweza kuzaa. Kwa Wakuria, wanaoishi Kehancha na Isebania upande wa Migori na Tarime upande wa Tanzania, njia hiyo ni nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto, au asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari msichana na kumwoa. Msichana huzaa na mwanamume aliyechaguliwa, na watoto huwa wa nyumba ya aliyetoa mahari. Wanandi wana desturi inayofanana nayo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliitambua ndoa ya aina hiyo katika kesi ya urithi. Nyumba ntobhu imewapa wajane na wanawake wasio na watoto heshima, urithi na mikono ya kuwatunza uzeeni. Imewaumiza pia wasichana wengi, hasa walioolewa wangali wadogo na wasiokuwa na sauti kuhusu mwanamume wa kuzaa naye. Maswali ya sheria ya leo kuhusu mama mbadala, yaani nani mzazi, nani analipwa na nani anaweza kukataa, yalikuwapo Kuria kabla ya bomba la kwanza la maabara.

Tiba ya hospitali huanza na hatua ndogo: historia ya wote wawili, kipimo cha manii, uchunguzi wa kupevuka kwa yai, na picha ya mirija, ambapo dawa inayoonekana kwenye eksirei huingizwa kupitia mlango wa kizazi ili ionekane kama inapita. Hapa utafiti wa miaka ya karibuni umeleta faida kubwa kwa gharama ndogo. Kwa wanawake ambao mayai hayapevuki kwa sababu ya vifuko vingi kwenye ovari, jaribio la Marekani la mwaka 2014 lililinganisha vidonge viwili: waliotumia letrozoli walizaa kwa asilimia 27.5, waliotumia klomifeni kwa asilimia 19.1. Vyote ni vidonge vya kawaida ambavyo duka la dawa la Rongo au Oyugis laweza kuviagiza. Uholanzi, wanawake 1,119 walipigwa picha ya mirija kwa dawa yenye mafuta au yenye maji. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba katika kundi la mafuta asilimia 38.8 walizaa, na katika kundi la maji asilimia 28.1. Ila wanawake waliodhaniwa kuwa na mirija mibovu waliondolewa kwenye jaribio hilo tangu mwanzo. Matokeo ya Uholanzi hayawezi kuhamishiwa Homa Bay, ambako mirija mibovu ndiyo tatizo lenyewe, bila kujaribiwa upya.

Mirija ikiwa imeziba kabisa, tiba yenye nguvu ni kutungisha mimba nje ya mwili. Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy waliibuni Uingereza kwa ajili ya wanawake wa namna hiyo hasa, na mtoto wa kwanza, Louise Brown, alizaliwa Oldham Julai 1978. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, wenzake wawili wakiwa wameshafariki. Tangu hapo wamezaliwa zaidi ya watoto milioni 10. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006, katika kituo cha Dkt. Joshua Noreh jijini Nairobi.

Mwanamke huchomwa sindano za homoni kwa siku 8 hadi 14 ili mayai mengi yakomae pamoja, huku akipigwa picha za ultrasaundi mara kadhaa. Mayai hutolewa kwa sindano, huchanganywa na mbegu, na viinitete hulelewa siku 3 hadi 5 katika joto la mwili. Kimoja au viwili hupandikizwa, na kipimo cha mimba hufanywa wiki mbili baadaye. Kwa mkazi wa Nairobi hayo ni mahudhurio ya asubuhi. Kwa mkazi wa Migori, zaidi ya kilomita 350 kutoka huko, ni wiki mbili au tatu za kupanga chumba, kuacha biashara, na kutafuta barafu ya kuhifadhia dawa zinazoharibika kwa joto. Bei ya mzunguko mmoja hutajwa mara nyingi kuwa kati ya shilingi 400,000 na 600,000, kabla ya nauli na malazi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF Oktoba 2024, hailipii tiba hiyo. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inataja huduma ya afya ya uzazi kuwa haki ya kila mtu. Kwa wanandoa wa Ndhiwa au Kuria haki hiyo hulipiwa kwa kuuza shamba.

Ndipo linapokuja swali la mafanikio. Kituo kinapotangaza asilimia 40, lazima kiulizwe: asilimia 40 ya nini? Katika safari hii watu hupungua kila hatua. Kuna wanaoanza sindano na mayai yasikomae, wanaotoa mayai yasitungike, wanaopandikizwa mimba isishike, na wanaopata mimba ikatoka. Anayehesabu vipimo vya mimba miongoni mwa waliofikia kupandikizwa atapata tarakimu ya kuvutia. Anayehesabu watoto hai miongoni mwa wote walioanza atapata ndogo zaidi, na hiyo ndiyo inayomhusu anayeuza ng'ombe. Umri nao hubadilisha kila kitu. Takwimu za Uingereza zinaonyesha kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35 kiinitete kimoja kilichopandikizwa huleta mtoto takriban mara 1 kati ya 3. Kuanzia miaka 43, kwa mayai yake mwenyewe, ni chini ya mara 1 kati ya 10.

Barani Afrika hesabu hizi hukusanywa na mtandao wa ANARA, ambao Silke Dyer wa Cape Town amekuwa mstari wa mbele kuujenga. Ripoti yake ya kwanza, ya mwaka 2013, ilihusisha vituo 40 kutoka nchi 13 na mizunguko zaidi ya 25,000. Vituo hujiunga kwa hiari, na mimba nyingi zimeishia kwenye daftari bila kujulikana kama zilileta mtoto. Mwanamke hurudi kwao, hujifungulia hospitali nyingine, na hakuna anayepiga simu kuuliza. Kasoro hiyo inagusa kaunti za mbali kuliko zote, kwa kuwa mgonjwa wa Nairobi angalau ana nafasi ya kuonekana tena.

Mirija yenyewe huathiri matokeo hata baada ya kukwepwa. Mrija uliojaa maji humwaga majimaji hayo kwenye mji wa mimba na kupunguza nafasi ya mimba karibu kwa nusu. Jaribio lililofanywa Skandinavia miaka ya 1990 lilionyesha kwamba kuukata mrija huo kwanza huongeza watoto wanaozaliwa. Kwa mgonjwa anayetoka kanda ya ziwa, kituo kisichotafuta maji hayo kwenye ultrasaundi kabla ya kupokea malipo hakijamtendea haki. Kwa upande mwingine, baadhi ya nyongeza zinazouzwa zimepimwa na kuonekana hazina faida. Kukwaruza ukuta wa mji wa mimba kulijaribiwa kwa wanawake 1,364 mwaka 2019: waliokwaruzwa na wasiokwaruzwa walizaa sawasawa, asilimia 26.1. Kuingiza mbegu moja kwa moja ndani ya yai, mwanamume akiwa hana tatizo, hakukuongeza watoto katika jaribio la Vietnam la mwaka 2021.

Matokeo hayaishii kwenye kuzaliwa. Watoto wengi wa maabara hukua wakiwa na afya njema. Hatari ya kuzaliwa njiti au na uzito mdogo huwa juu kidogo hata kwa mtoto mmoja, na hupanda sana kwa mapacha. Ndiyo maana Uswidi na Ubelgiji, tangu mwaka 2003, zimesisitiza kupandikiza kiinitete kimoja. Nchini Kenya anayelipa mfukoni hushawishika kupandikizwa viwili au vitatu ili fedha zisipotee. Mimba ikishika hurudi nayo Mfangano au Ntimaru, na mapacha wanapokuja wiki ya 30, hospitali iliyo karibu ndiyo hubeba mzigo wa oksijeni, joto na lishe ya njiti. Gharama hiyo haimo katika takwimu za mafanikio za kituo chochote.

Kwa wanandoa ambao mmoja ana VVU, kanda hii imetoa elimu kwa dunia. Kisumu ilikuwa miongoni mwa maeneo ya utafiti wa HPTN 052, uliothibitisha mwaka 2011 kwamba matibabu ya mapema hupunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96, na ya utafiti wa PrEP wa mwaka 2012 uliohusisha wanandoa zaidi ya 4,700 wa Kenya na Uganda. Huko Kisumu pia watafiti walijaribu njia rahisi kwa mwanamke mwenye VVU na mume asiye nayo: manii hukusanywa nyumbani na kuingizwa ukeni kwa bomba lisilo na sindano siku ambazo yai limepevuka. Leo mtu anayemeza dawa vyema na ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana, na wanandoa wengi hawahitaji hata bomba hilo. Wanahitaji mhudumu atakayewauliza mapema kama wanataka mtoto.

Kupunguza gharama ya maabara kunawezekana. Mradi wa Walking Egg, ulioanzishwa Ubelgiji na Willem Ombelet, hulelea viinitete katika vichupa vya kioo vilivyofungwa, hewa inayohitajika ikitengenezwa kwa kuchanganya asidi ya sitriki na magadi ya kuokea. Kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri matokeo yamekaribia yale ya maabara za kawaida, na njia hiyo imeshaleta watoto nchini Ghana. Novemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu utasa, wenye mapendekezo 40, ukitaka kinga na hatua rahisi zitangulie zile za gharama. Kwa Migori na Homa Bay mpangilio huo ndio sahihi: kipimo cha klamidia kwa wanawake wasio na dalili, kipimo cha manii katika kila hospitali ya kaunti ndogo, picha ya mirija katika hospitali za rufaa, na maabara moja ya umma ya kutungisha mimba ya kuhudumia kanda nzima, Kisumu ikiwa mahali pa kufaa.

Msukumo wa kutunga sheria nao umetoka kanda hii. Mbunge wa Suba Kaskazini, Millie Odhiambo, ambaye amesimulia hadharani maisha yake ya kutokuwa na mtoto, ameupigania Mswada wa Teknolojia ya Usaidizi wa Uzazi kwa zaidi ya muongo mmoja. Matoleo ya awali hayakuwa sheria. Wakati huohuo mahakama ziliamua bila mwongozo, kama mwaka 2014, mapacha waliozaliwa na mama mbadala Nairobi walipochukuliwa na maafisa wa watoto kwa sababu hospitali haikujua iandike jina la nani kama mama. Toleo la mwaka 2022 lilipitishwa na Bunge la Taifa Novemba 2025 na kupelekwa Seneti. Linataka vituo viwe na leseni na linapiga marufuku biashara ya kubeba mimba kwa malipo.

Maseneta na watakaotunga kanuni wana mifano ya kuangalia. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1992 inayotaka matokeo ya kila kituo yachapishwe, na mamlaka ya Uingereza imekuwa ikikusanya kumbukumbu za kila mzunguko tangu 1991. Kanuni za Kenya zidai kila kituo kitoe idadi ya walioanza sindano, umri wao, hali ya mirija, viinitete vilivyopandikizwa, na watoto waliotoka hospitali wakiwa hai, mapacha wakihesabiwa kando. Ziongeze safu moja ambayo Uingereza haikuhitaji sana: kaunti alikotoka mgonjwa. Safu hiyo ndiyo itakayoonyesha ni wangapi kutoka Migori na Homa Bay hufika maabara, wakiwa na umri gani, na baada ya miaka mingapi ya kungoja.